Sauti ya Filamu Ndani ya Kompyuta

SWALI: Nina kibanda cha kuchapa barua Mbagala. Nataka Windows yangu ikikosea iseme kwa sauti ya HAL, ile mashine ya filamu ya 2001: A Space Odyssey. Nimeipa faili la MP3, imelikataa. Nifanyeje?

JIBU: Kompyuta yako haina inadi, ila ina sharti: sauti za mfumo huzipokea kwa umbo la WAV tu, basi huna budi kuligeuza faili lako kwa Audacity, programu isiyo na gharama, na kulikata lisizidi sekunde mbili, kwani mteja anayengoja barua yake hana subira ya kusikiliza hotuba; kisha ingia katika mipangilio ya sauti, chagua tukio la kosa, lielekeze kwenye faili hilo, na uuhifadhi mpango wote kwa jina utakalolichagua.

Walakini, lau ningekuwa na hiari, nisingeazima sauti ya Douglas Rain, Mkanada aliyempa HAL ule upole wa kutisha mwaka 1968, bali ningejirekodi kwa simu, kwa lafudhi ya Lufufu, aliyetufasiria filamu za kigeni katika kanda za video: “Ebwana, faili halipo!”