Safumlalo nyingi na jumla yake

Swali: Fankisheni yangu ya PostgreSQL ina vigezo viwili vya OUT. Nataka mauzo yote ya siku pamoja na jumla, lakini napata safumlalo moja tu. Kwa nini?

Jibu: Vigezo vya OUT peke yake hutoa safumlalo moja, basi. Tangaza RETURNS TABLE, kisha ndani ya PL/pgSQL andika RETURN QUERY na SELECT yako. Amri hiyo haimalizi fankisheni. Inalimbikiza matokeo, kazi ikiendelea. RETURNS TABLE haichanganyiki na OUT, hivyo jumla iwe safuwima ya ziada: sum(m.kiasi) OVER (). Itajirudia kila mstari, lakini ni afadhali kuliko kuuliza mara mbili. Usisahau hiyo “m.”, kifupi cha jedwali: majina yakigongana, PostgreSQL hukataa kwa sababu ya utata. Unapoiita, tumia SELECT * FROM.