Usiuziwe Kimeo: Vidokezo vya Kununua Simu Iliyotumika

Simu mpya ina bei yake na mshahara una kimo chake, kwa hiyo hakuna aibu yoyote kushuka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, au Luthuli Avenue kule Nairobi, kutafuta simu ambayo mtu mwingine ameshaizindua. Ukichagua vizuri unapata simu ya daraja la juu kwa bei ya simu mpya ya kawaida, na utakaa nayo miaka.

Shida ni namna tunavyokagua. Mnunuzi ataigeuza simu robo saa akitafuta mikwaruzo, halafu swali la kwamba ilikuwa ya nani anauliza huku pesa imeshatoka mfukoni. Mimi ningeanza na hilo swali. Mkwaruzo unafunikwa na kava ya elfu tano, lakini akaunti ya mtu mwingine haina kava.

1. Mwenyewe aifungue na aifute mbele yako

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote hapa, na ukichoka kusoma baada ya hiki nitakuelewa. Tangu mwaka 2013, ilipotoka iOS 7, iPhone ikishafungwa kwa akaunti ya Apple ya mtu haifunguki kwa mtu mwingine hata ukiifuta mara mia. Android nazo zilifuata: kuanzia toleo la 5.1 la mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni ikiwaka tena inadai akaunti ya Google iliyokuwamo. Ulinzi huu uliwekwa kuwakomoa wezi. Ukinunua kizembe, anayekomolewa ni wewe.

Basi usipokee simu iliyokwishafutwa na kuzimwa, hata kama muuzaji anaapa kwamba ameisafisha kukurahisishia kazi. Mwambie aiwashe, aweke namba yake ya siri, aingie kwenye mipangilio, aondoe akaunti yake, kama ni iPhone azime na huduma ya kuitafuta simu, kisha aifute kutokea humohumo ndani. Subiri iwake upya. Iunganishe na intaneti, tumia bando lako kama duka halina Wi-Fi, uende nayo mpaka ukurasa wa mwanzo utokee bila kuulizwa barua pepe ya mtu. Kazi yote haizidi dakika kumi na tano. Muuzaji anayesema hana muda huo ana sababu yake, na sababu hiyo si foleni ya wateja.

Utasikia pia kwamba akaunti si tatizo, yupo fundi anaitoa kwa elfu thelathini. Kama ni rahisi hivyo, mbona hajaitoa yeye kabla ya kuiuza?

2. Uliza kama deni limeisha

Simu za mkopo zimekuwa nyingi. Kenya, Safaricom ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa kushirikiana na Google, na kampuni kama M-KOPA zinakopesha simu kwa malipo ya kila siku. Mpango wenyewe ni mzuri, umewapa simu janja watu ambao wasingeweza kutoa pesa yote kwa mkupuo. Ila simu hizo zina programu ndani yake inayoifunga kwa mbali mara malipo yanapokatika. Mtu akibanwa na shida anaiuza kwa bei ya kutupa, anaacha kulipa, na kioo kinakufungia wewe mikononi.

Kwa hiyo simu mpya kabisa, boksi lake safi, bei nusu ya dukani: shtuka. Angalia kwenye mipangilio, upande wa usalama, kama kuna programu yenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa usiyoielewa. Simu inapowaka baada ya kufutwa, soma yale maandishi ambayo wote huwa tunayaruka. Yakisema kifaa hiki kinamilikiwa au kusimamiwa na shirika fulani, rudisha mezani. Kwenye iPhone na iPad zilizotoka maofisini na mashuleni ng'ambo onyo hilo nalo lipo, na kulipita kwa ujanja hakusaidii, kwa sababu linarudi siku utakapoifuta tena.

Kama anayekuuzia anasema amemaliza deni, akuonyeshe ujumbe wa kampuni unaothibitisha. Ujumbe upo au haupo, hapo hakuna mjadala.

3. Bonyeza *#06#

Zitatokea tarakimu 15, hiyo ndiyo IMEI. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi na iliyomo kwenye mipangilio. Zikipishana, ama boksi si la simu hiyo, ama kuna mtu ameichezea, na Tanzania kubadili IMEI ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010.

Kisha ihakiki. Tanzania unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, Kenya unaituma 1555, na jibu linakuja na jina na aina ya simu. Ukijibiwa kwamba ni Nokia ya vitufe wakati umeshika Samsung ya kioo, umeshajua. Usiipuuze hatua hii kwa kuwa ni ndogo. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania ikafuata Juni 2016, na waliokuwa nazo hawakurudishiwa pesa na mtu.

4. Weka laini yako, siyo ya muuzaji

Piga simu, pokea simu, fungua tovuti ukiwa kwenye data. Iweke sikioni uone kama kioo kinazima. Simu nyingi kutoka Marekani huja zikiwa zimefungwa kwa mtandao mmoja wa huko. Kwenye iPhone ingia sehemu ya maelezo ya kifaa, kuna mstari unaosema kama ina vizuizi vya laini au haina.

Na hapa kuna jambo linalowakuta wengi wakiwa wameshafika nyumbani: kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa. Zinatumia eSIM tu. Si ubovu, na mitandao yetu mikubwa inatoa eSIM. Ila kama wewe ni mtu wa kubadilisha laini tatu kwa siku kufuata bando, hiyo simu itakutesa.

5. Betri: asilimia 100 nayo inatia shaka

iPhone huonyesha afya ya betri kwenye mipangilio tangu mwaka 2018. Apple yenyewe huihesabu betri kuwa imechoka ikishuka chini ya asilimia 80. Basi simu ya miaka minne yenye asilimia 84 haina ajabu, imeishi maisha yake. Yenye asilimia 100 ndiyo ya kuuliza maswali: imebadilishwa betri, na je, imewekwa ipi? Ukikuta ujumbe wa sehemu isiyotambulika kwenye maelezo ya kifaa, jua si ya Apple, au imepachikwa na fundi bila kusajiliwa. Si lazima uikatae. Punguza bei.

Android nyingi za zamani hazionyeshi takwimu hiyo. Pandisha mwanga mpaka mwisho, cheza video dakika kumi, hesabu imeshuka asilimia ngapi. Ikila mbili au tatu, sawa. Ikila nane, hiyo utaishi nayo ukutani kwenye soketi. Ikiruka ghafla kutoka 40 hadi 22, usiendelee kukagua.

Mwisho, ilaze juu ya meza ya kioo na uibonyeze kidogo pembeni. Ikicheza, au kioo kimeanza kuachana na fremu, betri imevimba. Hiyo hata ya bure usichukue.

6. Kioo, kamera na maneno mengine

Fungua picha nyeupe tupu uone kama kuna vivuli vya kibodi vilivyobaki kwenye kioo. Shika alama ya programu moja uiburute taratibu kona zote; ikidondoka mahali, pale kioo hakisikii. Piga picha ndani na nje, kamera zote. Rekodi sauti uisikilize. Tochi. Chaji, ukitikisa waya kidogo. Basi.

7. Usinunue namba za kwenye boksi

RAM ya GB 16 iliyoandikwa kwa maandishi makubwa mara nyingi ni GB 8 halisi, na 8 nyingine zimekopwa kwenye hifadhi. Hifadhi ni polepole kuliko RAM, kwa hiyo usilipie hizo za kukopa. Kwenye hifadhi, usishuke chini ya GB 64, na kama una magrupu ya WhatsApp ya ukoo, kanisani na kikoba, nenda 128.

Unaponunua tableti, swali la kwanza ni kama inaingia laini. iPad nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ni za Wi-Fi pekee, na hizo hazina hata GPS. Kwa mtoto anayesomea nyumbani inatosha. Kwa dereva au afisa wa kuzunguka vijijini, hapana. Zile tableti za majina yasiyojulikana zinazotangaza RAM kubwa kuliko kompyuta ya ofisini kwenu, ziache zilipo. Afadhali iPad au Samsung ya miaka mitatu nyuma.

8. Angalia umri wa programu, siyo wa bodi tu

Simu inaweza kung'aa na bado ikawa imefika mwisho wa safari. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus, ambazo programu zake ziliishia iOS 12. Zilikuwa bado zinauzwa mtaani. Upande wa pili, Google iliahidi masasisho ya miaka saba kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikaahidi hivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwaka uliofuata. Kwa hiyo simu ya daraja la juu ya mwaka 2024 iliyotumika huenda ikakufaa muda mrefu kuliko simu mpya ya bei ya chini iliyotoka jana. Ningekuwa na laki nane, ningeenda huko.

Kwa iPhone kuna siri ndogo: kwenye maelezo ya kifaa soma herufi ya kwanza ya namba ya modeli. M iliuzwa ikiwa mpya, F imekarabatiwa na Apple wenyewe, N ilitolewa kubadilisha iliyoharibika. Muuzaji akisema mpya na herufi ikasema F, mmepata la kuzungumza kuhusu bei.

9. Lipa kwa njia inayoacha alama

Nunua mchana, dukani penye meza na jina. Risiti iandikwe IMEI na siku za waranti, maana waranti ya mdomo huisha ukivuka barabara. Kama unanunua kwa mtu binafsi, lipa kwa simu ili jina lake libaki kwenye ujumbe, na kama ana boksi na risiti ya kwanza, vichukue.

Ukishaikagua simu, isitoke mkononi mwako tena. Usikubali akufungie vizuri kwenye bahasha, wala aichukue mara moja akakuwekee protekta kule nyuma. Kuna watu wamefika Mbagala wakafungua bahasha wakakuta mche wa sabuni, umekatwa kwa ustadi mpaka uzito unalingana.

10. Nawe unapouza ya zamani

Toa laini, toa kadi ya kumbukumbu, hakikisha WhatsApp imehifadhi mazungumzo yako, ondoa akaunti, kisha ifute kutokea kwenye mipangilio. Kufuta picha moja moja hakutoshi. Programu ya benki iondoe mapema, kabla hujaipeleka kwa dalali. Na andika IMEI yake mahali pamoja na tarehe na jina la uliyemuuzia, ili siku polisi wakikupigia kuhusu simu iliyokutwa mahali pasipoeleweka, uwe na cha kuwaonyesha.