Mmea wa Mwambani Usiotaka Maji Mengi

Watu wa Kanyangi, katika Kaunti ya Kitui, waijua sana thamani ya maji. Misimu yao ya mvua ni miwili: wa Machi hadi Mei, na wa Oktoba hadi Desemba, ambao ndio wautegemeao zaidi. Kiangazi kikizidi, watu hufukua mchanga wa mito iliyokauka ili wapate maji ya kuteka. Basi mtu akitaka kupamba baraza yake kwa maua, mama wa nyumba ana haki ya kuuliza, "Na maji yake atachota nani?" Somo hili ni jibu la swali hilo.

Uko mmea utambaao, wenye majani manene, ambao kwao ni mahali penye miamba katika Kenya na Tanzania. Wataalamu huuita Kleinia petraea, na neno hilo la pili maana yake ni "wa mwambani." Wauzaji wengi wa maua huuita kwa jina lake jingine, Senecio jacobsenii. Shina lake hulala chini na kutoa mizizi linapogusa udongo. Likipandwa katika chombo kilichotundikwa, huteremka kama mkufu. Majani ni ya kijani, na katika jua kali huingia rangi ya zambarau. Maua yake ni ya rangi ya machungwa. Huko Ulaya watu huununua na kuutundika madirishani, nao asili yake ni kwetu.

Jani la mmea huu ni kama kibuyu. Mvua inaponyesha hujaa maji, na wakati wa ukame mmea hujinywea akiba yake polepole.

Kuupanda si kazi ngumu. Omba kwa jirani kipande cha shina chenye urefu wa kidole kirefu. Ondoa majani ya chini, kisha kiweke kivulini siku tatu au nne mpaka kidonda kikauke. Kikipandwa kibichi huweza kuoza. Chukua kopo kuukuu au sufuria iliyochakaa, uitoboe matundu kadhaa chini. Changanya mafungu mawili ya mchanga mnene wa mtoni na fungu moja la udongo, na samadi kidogo iliyooza kabisa. Chomeka kipande chako, na usikimwagilie mpaka ipite kama juma moja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiuona mmea ni mzuri, huumwagilia kila siku kwa mapenzi, nao ukafa. Mimea ya namna hii haifi upesi kwa kiu. Hufa upesi kwa kunyweshwa kupita kiasi, maana mizizi ikikaa katika tope huoza. Kwa hiyo, kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti katika udongo mpaka chini. Kikitoka na unyevu, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee matunduni, kisha uache mpaka udongo ukauke tena. Maji yaliyooshea mboga yatosha, mradi hayana sabuni wala chumvi. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, punguza zaidi.

Majani yenyewe hutoa habari. Yakinyauka na kuwa na mikunjo, mmea una kiu. Yakiwa ya manjano na laini, yenye majimaji, umekunywa mno. Shina likirefuka na majani yakiwa mbali mbali, lataka mwanga. Lisogeze mahali lipatapo jua la asubuhi. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba, vipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Yafaa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, mmea huu si chakula wala si malisho. Utundike mbali na watoto na mbuzi. Pili, ukiukuta mwituni, usiung'oe. Kata kipande kimoja tu na uiache mizizi juu ya mwamba wake. Kipande hicho kikishika vizuri, nawe utaweza kumkatia jirani, na baraza nyingi zitapambwa bila mtu kuongezewa safari ya mtoni.