Safari ya Kigali: kulia asubuhi, kula mishikaki jioni



Likizo inakaribia, na kuna vikundi vya wanafunzi vinavyojipanga kwenda Kigali. Swali linalorudi kila mara kwenye maandalizi ni hili: je, ni halali kusimama kwenye makaburi ya mauaji ya kimbari asubuhi, halafu jioni tukazunguke mjini na kupiga picha? Wengine wanaona ni dharau. Mimi nasema hapana, ila inategemea umeingiaje mle makaburini na umetokaje.

Safari yenyewe inaanza kufundisha kabla hujafika Kigali. Ukivuka daraja la Rusumo, angalia chini. Ule ni mto Kagera. Mwaka 1994 ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo watu wapatao 250,000 walivuka hapo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Katika umati ule walikuwemo waliokimbia vita, na walikuwemo pia waliokimbia huku mikono yao ina damu. Ukitaka kujua zaidi, waulize wazee wa Ngara, wengi bado wanakumbuka.

Kigali, wengi huanzia Gisozi, kwenye makumbusho ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ghorofani kuna chumba cha watoto: picha ya mtoto, chakula alichokipenda, mchezo wake, na namna alivyouawa. Msiharakishe pale. Na simu zikae mfukoni, jamani.

Lakini kwa sisi Wakatoliki mahali pazito zaidi ni Nyamata, kama kilomita 30 kusini mwa Kigali. Lile lilikuwa kanisa la parokia. Watu walikimbilia humo kwa sababu katika machafuko ya miaka ya nyuma kanisa lilikuwa limewasalimisha. Aprili 1994 halikuwasalimisha. Leo misa haisomwi humo tena. Nguo za waliouawa zimerundikwa kwenye mabenchi, na kitambaa cha altare bado kina madoa. Nje kuna kaburi la Tonia Locatelli, mama wa Kiitaliano aliyepigwa risasi Machi 1992 baada ya kuwaambia waandishi wa habari wa nje kwamba Watutsi wa pale wanauawa. Miaka miwili kabla! Yaani alipiga kelele mapema.

Sasa hapo ndipo kijana anauliza: kama waliouawa walibatizwa na waliowaua pia walibatizwa, ubatizo ulifanya kazi gani? Usimjibu haraka haraka. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo, wengi wao Wakatoliki, na padri Athanase Seromba wa parokia ya Nyange alihukumiwa na mahakama ya kimataifa kule Arusha, rufani ikampa kifungo cha maisha mwaka 2008, kwa sababu ya kanisa lake kubomolewa kwa tingatinga watu wakiwa ndani. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha mwaka 2016 kwa ajili ya wanakanisa walioshiriki. Papa Fransisko naye aliomba msamaha wa Mungu Machi 2017. Anayewaambia vijana kwamba Kanisa halikuguswa na jambo hili anawadanganya, na vijana wakigundua hawatamsikiliza tena hata kwenye yale ya kweli.

Jibu langu ni dogo tu. Ubatizo hauondoi uhuru wa mtu. Kaini naye alitoka kutoa sadaka ndipo akamuua ndugu yake (soma Mwanzo sura ya 4). Lakini neema ilikuwepo, na wapo walioipokea. Tukae hapo hapo Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji waliingia kwenye shule ya sekondari ya pale, madarasa ya kidato cha tano na cha sita, wanafunzi wakijisomea. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, wakasema wao ni Wanyarwanda. Sita waliuawa. Leo taifa linawahesabu kuwa mashujaa, daraja la Imena. Walikuwa na umri wenu. Kijiji ni kile kile padri alikoshindwa, na watoto wa shule wakaweza.

Basi baada ya Nyamata, msiende moja kwa moja sokoni. Kaeni mahali pamoja nusu saa, salini rozari, au nyamazeni tu. Jioni nendeni Nyamirambo, mle mishikaki na ndizi. Huko Kiswahili kinasikika mitaani tangu zamani, na Waislamu wa Rwanda wanasifika kwa kuwaficha watu mwaka 1994. Ongeeni na wenyeji, lakini usimuulize mtu kabila lake. Narudia, usiulize. Usiku taa za Kigali Convention Centre zinapendeza, hapo picha ruksa. Bodaboda ni abiria mmoja na kofia ngumu kichwani, si mishikaki kama huku kwetu. Na kama safari yenu inaangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ni umuganda, mji mzima uko kwenye usafi. Msipange matembezi, ombeni majembe.

Jumapili mnaweza kusali Sainte-Famille, katikati ya mji. Humo nako watu waliuawa 1994, ila parokia ingali hai na misa inajaa. Kabla ya kupanda basi la kurudi, kila mmoja aandike kwenye daftari lake: shuleni kwetu, watu wanaambiwa wajitenge kwa lipi? Kabila, dini, hela za wazazi, lafudhi? Mje nalo kwenye kikao.