Safari ya Lodwar: Mwili wa Kitale Unahitaji Siku za Kuzoea Joto

Kila wiki magari hushuka kutoka Kitale hadi Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, yakiwa na kabichi, viazi na mahindi. Wafanyabiashara, mafundi na wanafunzi husafiri njia hiyo pia. Wengi hukagua magurudumu na kufunga mzigo vizuri, lakini mwili hawauandai.

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Lodwar mita 500 hivi. Joto la hewa hupanda kwa karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 ambazo msafiri anashuka. Ndiyo maana aliyezoea mchana wa nyuzi 25 hujikuta kwenye nyuzi 35 au zaidi baada ya barabara ya kilomita 300 hivi. Anayetoka Bungoma kupitia Webuye na Kiminini ana nafuu kidogo tu.

Mwili hulizoea joto polepole, kwa wiki moja hadi mbili. Ukishazoea, hutoa jasho mapema na kupoteza chumvi kidogo. Basi aliye hatarini si mzee peke yake; huenda akawa fundi kijana mwenye nguvu, anayeshuka garini na kuanza kuchanganya simiti siku hiyo hiyo. Anayeondoka Kitale alfajiri hufika mchana, jua likiwa kali, kwa hivyo siku ya kufika isipangiwe kazi nzito. Siku zinazofuata, kazi ya nje ianze mapema na isimame kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi alasiri. Kusafiri usiku ili kulikwepa jua hakufai. Sehemu ya Kainuk hadi Lokichar imewahi kushuhudia mashambulizi ya majambazi.

Kuna jambo linalowadanganya wageni. Hewa ya Lodwar ni kavu, jasho hukauka kabla halijaonekana, na mtu hudhani hajapoteza maji. Asisubiri kiu. Aangalie mkojo: ukiwa wa manjano iliyokolea, maji aliyokunywa hayatoshi. Soda na pombe hazichukui nafasi ya maji. Anayehara au kutapika atumie ORS, iliyochanganywa jinsi pakiti inavyoeleza. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo, figo au shinikizo la damu wamwone daktari kabla ya safari. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huiharibu.

Kuumwa kichwa, kizunguzungu na misuli kukaza ni ishara za kuacha kazi, kukaa kivulini na kunywa maji. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura inayoweza kuua. Apunguzwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe bila kukoma huku akipelekwa hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Mvua nayo isisahauliwe, hata kwenda nchi kavu. Laga, yaani mito ya msimu, hufurika ghafla ingawa mvua imenyesha mbali milimani. Dereva asubiri maji yashuke. Na koti lisiachwe nyumbani. Gari likipanda kurudi Kitale jioni, abiria aliyevaa fulana nyepesi ya Lodwar ataanza kutetemeka kabla ya Kapenguria.