Nyanya, Fromaji na Majani ya Kunukia: Somo la Chakula Kisichopikwa

Katika masomo mengine tunawaambia watu daima: pikeni chakula mpaka kiive, tena kileni kingali moto. Neno hilo ni kweli. Lakini kuna vyakula ambavyo watu hupenda kuvila vibichi, na hata tukiwakataza watavila tu. Siku ya harusi, siku ya wageni, siku mtoto anapopata diploma yake, sahani ya nyanya mbichi itawekwa mezani. Basi ni afadhali tufundishane namna ya kuitengeneza pasipo kuleta ugonjwa nyumbani.

Akina mama wengine wa mjini wametuuliza juu ya sahani moja iliyotoka Italia. Ni vipande vya nyanya, vipande vya fromaji nyeupe laini, na majani ya baziliki juu yake, pamoja na chumvi na mafuta kidogo. Waitalia wanaiita caprese, kwa jina la kisiwa cha Capri kilicho karibu na mji wa Naples. Ina rangi tatu, nyekundu, nyeupe na kijani, kama bendera ya Italia. Wengine hukata vipande vidogo na kuvichoma katika kijiti, kila mgeni apate kijiti chake kabla ya chakula kikubwa. Ni chakula cha kufungua hamu, si cha kushibisha.

Fromaji ya Waitalia kwa sahani hii inaitwa mozzarella. Katika nchi ya kando ya Naples wanaitengeneza kwa maziwa ya nyati. Lakini ni nyati wa kufugwa wa asili ya Asia, si mbogo wetu wa Virunga. Huyo wetu msijaribu kumkamua! Maziwa hugandishwa kwa dawa inayotoka katika tumbo la ndama. Yakiisha kuganda yanaachwa mpaka yawe na uchungu kidogo, kisha yanatiwa katika maji ya moto sana na kuvutwa kwa mikono kama unga wa mkate, mpaka yang'ae. Mwisho wanakata donge moja moja, na jina lenyewe latoka katika neno lao la kukata. Kazi hii yahitaji mtu aliyejifunza. Hapa tutaonyesha fromaji nyepesi ambayo kila mama aweza kuifanya kwa sufuria yake. Haivutiki kama ile ya Italia, wala haiyeyuki motoni, lakini pamoja na nyanya ni tamu.

Mtu atasema: "Kwa nini nisinunue fromaji ya Masisi sokoni?" Fromaji ile ni nzuri, tena ni sifa ya nchi yetu ya Kivu. Lakini ni ngumu na ya namna nyingine. Tena muulize anayeiuza kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Asipojua, itie katika chakula cha moto, usiile mbichi.

Sababu ya kuuliza hivi ni kubwa. Ng'ombe aweza kuonekana mzima kabisa, manyoya yake yanang'aa, naye ana ugonjwa katika maziwa yake. Kuna ugonjwa unaoitwa brusela. Ng'ombe au mbuzi mwenye brusela mara nyingi hutupa mimba. Mtu akinywa maziwa yake mabichi, au akila fromaji iliyotengenezwa kwa maziwa hayo, baada ya majuma kadhaa anaanza kuwa na homa. Homa inakuja, inakwenda, inarudi. Usiku jasho linalowesha shuka. Mgongo unauma, viungo vinauma, nguvu zinakwisha. Wengi husema ni malaria, nao hununua dawa ya malaria mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka franga za nyumba zimekwisha. Ukiwa na homa ya namna hii, mwambie mganga waziwazi: "Mimi hunywa maziwa mabichi." Neno hilo moja laweza kumfungua macho. Brusela inapona, lakini kwa dawa mbili pamoja, nazo zinamezwa majuma 6 au zaidi. Anayeacha dawa katika juma la pili kwa kuwa amejisikia vizuri, mara nyingi homa humrudia.

Tena kifua kikuu cha ng'ombe hupita katika maziwa mabichi. Mara nyingi hakikai kifuani mwa mtu, kinakaa katika tezi za shingo au tumboni.

Lakini moto unaua vijidudu hivi vyote viwili. Hata huku milimani, kama Goma, ambako maji huchemka kabla ya kufika digri 100, moto wa kuchemsha unatosha kabisa.

Sasa tufanye fromaji. Chukua lita 2 za maziwa ambayo hayajaondolewa mafuta. Yatie katika sufuria safi, koroga yasiungue chini, uyaache yachemke na kupanda. Yakipanda, punguza moto, uendelee kukoroga kwa dakika mbili. Ondoa sufuria motoni. Uwe na maji ya ndimu yaliyochujwa tayari, vijiko vikubwa 5 au 6. Mwaga maji ya ndimu kidogo kidogo huku unakoroga polepole. Utaona maziwa yanapasuka: mabonge meupe yanapanda, na maji yanabaki chini yenye rangi ya kijani na manjano. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza ndimu kidogo. Yakiwa safi, usiongeze tena, maana fromaji itakuwa kali. Iache dakika 10.

Kitambaa cha kuchujia lazima kichemshwe kwanza katika maji. Hapa wengi hukosea. Wamechemsha maziwa vizuri, kisha wanayamwaga katika kitambaa kilichopangusia meza. Kumbuka kwamba fromaji hii haitarudi motoni tena. Kila kitu kitakachoigusa kuanzia sasa, kitambaa, kijiko, sahani, mkono wako, kinaweza kuirudishia uchafu ambao moto umeutoa.

Chuja, tia kijiko kidogo cha chumvi, changanya, funga kitambaa, uweke kati ya sahani mbili na jiwe safi juu kwa saa moja. Lita 2 zitakupa gramu 300 hivi. Yatosha watu 6 au 8 kwa kuonja. Yale maji yaliyobaki usiyamwage. Yatie katika uji au katika unga wa mkate siku ileile.

Nyanya sasa. Chagua nyanya 5 zilizoiva na kuwa ngumu kidogo, zisizo na ufa. Nyanya iliyopasuka ipelekwe kwenye mchuzi. Mayai ya minyoo ya tumbo hutoka katika kinyesi cha mtu, yanakaa udongoni miezi mingi, hata miaka, nayo yananata. Ukitumbukiza nyanya katika beseni na kuitoa, hujaosha kitu. Dawa ya klori, kama ile ya kutia katika maji, inaua vijidudu vya kolera, lakini mayai ya minyoo haiyawezi. Kwa hiyo fanya hivi: osha kila nyanya kwa kuisugua kwa mkono chini ya maji yanayomwagwa. Kisha itie katika maji yanayochemka, uhesabu polepole mpaka 30, uitoe. Ganda litajikunja lenyewe, nawe utalimenya kwa urahisi, na uchafu utakwenda pamoja nalo.

Angalia jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Nyanya yenye joto ikitiwa katika maji baridi, inavuta maji kuingia ndani kupitia pale penye kikonyo. Yakiwa maji ya ziwa au ya kisima kisicho salama, umeingiza vijidudu ndani ya nyanya, na hakuna kuosha kutakakovitoa. Basi maji ya kupozea lazima yawe yamechemshwa na kupoa. Watu wa Goma waliokuwapo katika mwezi wa saba wa mwaka 1994 hawahitaji kuambiwa maji ya ziwa yaweza kufanya nini. Siku zile kolera iliua maelfu na maelfu katika kambi za wakimbizi.

Baziliki ni ndugu ya kivumbasi. Pwani wanaiita rehani. Usipoipata, majani machanga ya kivumbasi yafaa, lakini machache, kwa sababu harufu yake ni kali kama dawa. Majani haya hukaa karibu na udongo na kuku hupita juu yake. Yaoshe moja moja, pande zote mbili, kisha yatie katika maji yanayochemka na kuhesabu mpaka 10. Yatalegea kidogo, lakini harufu itabaki. Waitalia hawafanyi hivyo, watakucheka. Waache wacheke. Bustani zao si bustani zetu.

Sasa juu ya mikono, nasi tutakaa hapa kidogo.

Usiku mmoja, baada ya karamu ya harusi, waliletwa kwetu watu wengi wa meza moja. Walikuwa wamekula mchana, na baada ya masaa matatu wakaanza kutapika, wazee kwa vijana, mmoja baada ya mwingine. Hawakuwa na homa. Ndugu waliowasindikiza walisema maneno ya sumu. Jina la jirani mmoja lilikuwa limekwisha kutajwa, mama mjane aliyesaidia kugawa sahani, naye alikuwa amejifungia nyumbani kwa hofu. Vijana wengine walitaka kwenda kwake usiku uleule.

Muuguzi mmoja mwenye busara aliuliza: ni chakula gani ambacho wagonjwa walikula na wazima hawakula? Ikaonekana ni fromaji nyeupe. Ilikatwa asubuhi mapema, ikakaa mezani chini ya kitambaa mpaka mchana, siku ya jua kali. Akamwita aliyeikata. Hakuwa yule mjane. Alikuwa dada ya bwana-arusi, naye alikuwa na kidole kilichofungwa kitambaa. Ndani yake palikuwa na jipu lenye usaha.

Usaha wa jipu una vijidudu. Viliingia katika fromaji, vikapata chakula na joto, vikaongezeka tangu asubuhi, navyo vikatoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukichemsha chakula. Kwa hiyo ilikuwa sumu kweli, lakini hakuna mtu aliyeitia kwa kusudi. Wagonjwa walipewa maji yenye chumvi na sukari, na siku ya pili walikuwa wamesimama. Mama mjane alikaa ndani siku nne mpaka wazee walipokwenda wenyewe kumwomba msamaha mlangoni pake.

Mtu mwenye jipu, kidonda au usaha mkononi asikate chakula kisichopikwa. Mpeni kazi nyingine, kuna kazi nyingi katika harusi. Aliye na kuhara vilevile asiguse chakula cha watu. Wengine wote wanawe kwa sabuni, na chini ya kucha pia. Na fromaji ikae mezani masaa mawili tu, si zaidi, na siku ya jua kali saa moja. Ni afadhali kukata wageni wakiwa wamekwisha kuketi.

Kuipanga ni kazi ndogo. Weka kipande cha nyanya, kipande cha fromaji, jani, uendelee hivyo. Nyunyiza chumvi kidogo na mafuta. Waitalia hutumia mafuta ya zeituni, lakini bei yake mnaijua. Mafuta ya karanga au ya alizeti yafaa. Mafuta si kwa utamu tu, maana yanausaidia mwili kupokea vitamini zilizomo katika nyanya. Lakini tusidanganyane juu ya rangi. Wekundu mwingi wa nyanya sio ule unaogeuka kuwa vitamini A ya macho. Kwa macho ya watoto, mafuta mekundu ya mawese yanaishinda nyanya mbali sana.

Tulipofundisha somo hili katika darasa la akina mama, waliuliza maswali mazuri.

Mama mmoja alisema: "Mimi nina mimba. Nile?" Fromaji uliyoitengeneza mwenyewe kwa maziwa yaliyochemshwa, iliwe siku ileile. Lakini fromaji laini ya maziwa mabichi, hapana kabisa. Kuna kijidudu kinachokaa humo, mama haoni ugonjwa mwingi, lakini mtoto aweza kufa tumboni.

Mwingine aliuliza kama ndimu au siki haziwezi kuua vijidudu pasipo kuchemsha. Uchungu wao huvipunguza vingine, lakini usiutegemee.

Wa tatu alisema: "Maziwa ni ghali. Je, maziwa ya unga yafaa?" Yafaa yakiwa na mafuta yake yote, lakini mabonge yatakuwa madogo na laini, uchuje polepole. Na kama maziwa ni haba, yasifanywe fromaji ya wageni. Mtoto aliyeachishwa ziwa ayapate kwanza katika uji wake, na wageni wapewe nyanya na karanga.

Wa mwisho aliuliza juu ya mabaki. Nyumba yenye friji inayofanya kazi mchana na usiku yaweza kuiweka fromaji nzima, ambayo haijakatwa na haijakaa mezani, siku mbili. Friji ambayo umeme wake huja saa chache kwa siku ni kabati tu. Yaliyorudi kutoka mezani, na vipande vilivyochomwa vijiti, wapeni kuku.