KUKEREZA MABAKULI YA MTI YASIYOPASUKA

Ndugu zangu wa vijiji vya karibu na migodi, bakuli zuri la mti linapata mnunuzi katika masoko ya Likasi na Kolwezi. Lakini mara nyingi mnunuzi analipeleka nyumbani, anatia bukari ndani, na nyuma ya majuma mawili linapasuka. Mtu huyo hatarudi kwako tena. Feza imepotea, na mti umekufa bure.

Sababu ni nini? Fundi alikereza mti mbichi na kuumaliza siku ile ile. Mti mbichi umejaa maji. Maji yakitoka, mti unajikaza, lakini haujikazi sawasawa pande zote. Kwa hiyo unapasuka. Basi kazi hii ni ya mara mbili: kereza, ngoja, kereza tena.

1. KUCHAGUA MTI

Mulombwa ni mzuri: unakatika vema, na ukikauka haupindiki sana. Mubanga ni mgumu mno kwa chombo cha mguu. Uache kwa nguzo za nyumba. Mwavi usiuguse hata kidogo: gome lake lina sumu ya kusimamisha moyo, na vumbi lake linachoma pua. Mti usioujua, usiufanyie chombo cha chakula.

Tena, usiangushe mulombwa mkubwa kwa ajili ya mabakuli mawili. Mti ule unakua polepole sana. Wachoma makaa wanakata miti kila siku. Waombe vipande vifupi mbele ya kufunika tanuru kwa udongo. Bakuli linataka kipande kifupi tu.

2. KUPASUA

Kata kipande chenye urefu sawa na upana wake. Kipasue katikati, kwa kupita katika moyo wa mti. Kisha ondoa moyo wote, upana wa vidole viwili. Bakuli lenye moyo wa mti ndani yake litapasuka hata ulitunze namna gani. Chonga kipande kwa shoka mpaka kiwe mviringo.

3. KEREZO

Simamisha nguzo mbili imara, na mbao mbili nene zikipita kati yake. Juu ya mbao weka vigingi viwili vyenye ncha za chuma zinazotazamana. Kigingi kimoja kiweze kusogea. Kikaze kwa kabari.

Toboa kipande upande utakaokuwa kinywa cha bakuli, ugongee humo kijiti kinene cha kushika kamba. Weka kazi yako kati ya ncha mbili. Juu funga mti mrefu unaopindika. Kamba itoke katika ncha yake, izunguke kijiti mara mbili, ishuke mpaka ubao wa mguu.

Ukikanyaga, kazi inazunguka kuja kwako: sasa kata. Ukiinua mguu, inarudi nyuma: usikate. Muhunzi akufulie chuma chenye ncha iliyokunjwa kama kulabu, kwa kukata ndani. Chuma kilale siku zote juu ya egemeo lililo karibu na kazi. Funga kitambaa puani, maana vumbi la mulombwa linawasha.

Katikati ya bakuli acha kiini kilichoshika kijiti; usikivunje bado.

4. KUKAUSHA

Siku ya kwanza acha ukuta uwe mnene: bakuli la upana wa sentimeta 30 liwe na ukuta wa sentimeta 3. Paka nta pande mbili zinazoonyesha ncha za nyuzi za mti, kwa maana huko maji yanatoka upesi. Tia bakuli katika gunia, uliweke kivulini juu ya kitanda cha miti. Si juani, si karibu na moto, si chini katika udongo.

Utajuaje kama limekauka? Fanya mizani ya ufito: upande mmoja bakuli, upande wa pili mfuko wa mawe madogo. Kila juma bakuli linakuwa jepesi, nawe unaondoa mawe. Kama majuma matatu yamepita bila kuondoa hata jiwe moja, limekauka. Kazi hii inaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi. Wakati wa kungoja, kereza mengine, ili kila mwezi uwe na yaliyo tayari.

5. KUMALIZA

Bakuli lililokauka si mviringo tena. Limekuwa jembamba upande mmoja. Usiogope. Ule unene ulioacha ndio utakaokuponya. Lirudishe katika kerezo, likereze mpaka liwe mviringo na jepesi. Kisha vunja kiini, ulainishe mahali pake kwa kisu.

Sugua kwa majani ya msasa. Halafu paka nta ya nyuki. Iyeyushe katika kopo lililo ndani ya sufuria ya maji moto. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe, maana nta inawaka. Sugua kwa kitambaa mpaka mti ung'ae. Usipake mafuta ya ngazi: hayakauki, na baadaye yananuka.

MAULIZO

1. Kwa nini tunaondoa moyo wa mti?
2. Ni wakati gani wa kukata, mguu ukishuka au ukipanda?
3. Mizani ya mawe inatuonyesha nini?

Mwenye kungoja miezi mitatu atauza bakuli moja, na mnunuzi atarudi kutafuta la pili.